Kifo cha Bibi Mkuu

Mpiga pasi alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mzito. Kutwa alisimama kwa dobi akinyoosha mashati ya watu, na saa kumi alirudi nyumbani kumsomea mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho. Mume alikuwa safarini na lori. Nyumba ilikuwa yao wawili. Walichosoma ni riwaya ya Kichina ya mtandaoni, sura elfu moja na ushei. Mpiga pasi aliisoma kwa Kiingereza kwenye simu, akaimwaga kwa Kiswahili papo hapo.

Ilikuwa hadithi ya Binti wa Tatu, aliyeolewa kwenye jumba la kitajiri, akanyanyaswa na mama mkwe wake, Bibi Mkuu, akafukuzwa, na sasa amerudi akiwa tabibu wa mfalme.

"Huyo binti ana kiburi," alisema mama mkwe. "Bibi Mkuu alikuwa analinda ukoo wake."

"Alimpigisha magoti kwenye theluji, mama. Mimba ikatoka."

"Mimba hutoka zenyewe. Wengine matumbo yao hayashiki."

Mpiga pasi akarudi kwenye simu. Miaka sita nyuma, alipompoteza mtoto wa miezi saba tumboni, mwanamke huyuhuyu alisema mbele ya wageni kwamba mwanawe ameoa tumbo bovu. Hakuwahi kuomba radhi. Katika sura iliyokuwa kwenye simu, Bibi Mkuu alikuwa anapanga maua tu. Lakini sauti ya mpiga pasi ilitoka kavu: "Bibi Mkuu akanywa chai, akaanguka, akafa. Hakuna aliyemlilia."

Akazima simu.

Siku mbili mama mkwe hakuomba kusomewa, na chakula alikigusagusa tu. Kazini, mpiga pasi aliunguza kola ya shati la mteja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Siku ya tatu, hata viatu hajavua, akaitwa.

"Keti. Nimemfikiria sana Bibi Mkuu. Hao Wachina wako hawaui mtu kwa mstari mmoja. Farasi wao akifa tunaomboleza sura nne. Nani kamuua, wao au wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Basi nisomee walichoandika."

Akasoma. Bibi Mkuu ameugua, na tabibu ni mmoja tu. Binti wa Tatu akaja, akampima mapigo, akamwandikia dawa itakayomponya, akaondoka. Sura nzima hakumwambia neno.

"Bora angemtukana," alisema mama mkwe. Akasugua vidole. "Yule wako. Alikuwa wa kike?"

"Wa kike."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza, mama."

Mpiga pasi alisubiri radhi. Haikuja. Lilikuja swali jingine, la chinichini: alifanana na nani? Akalijibu, kwanza kwa neno moja, kisha kwa mengi, simu imelala mapajani na sura inayofuata haijafunguliwa.