Mnyama Aliyeingia Michenga

Sokoni Ifakara, mteja aliyekuwa bado upande wa viazi alijua kambale wa Balbina wameiva kabla harufu haijamfikia, maana Balbina mwenyewe alishatangaza. Sauti hiyo ndiyo iliyompa cheo katika tawi la wapenzi wa Simba: kiongozi wa hamasa. Siku ya mechi alijifunga kanga nyekundu, akapanda juu ya benchi kwenye banda la mpira, na ole wake atakayekaa kimya.

Tawi lenyewe halikuwa la kupiga kelele tu. Walikuwa wamejitolea damu hospitalini, wamefyeka makaburini, wamezibua mtaro wa soko uliokuwa ukinuka mpaka wachuuzi wanakula wamebana pua. Watani wao wa Yanga walicheka, wakasema mpira umewashinda wamehamia kwenye mitaro. Waache wacheke, mtaro umezibuka.

Mwaka huu Balbina alikuja kikaoni na jambo linalomnyima usingizi. Binti yake Agnella, aliyeolewa Michenga, alikuwa na mimba ya kwanza, na masika yalikuwa yanakaribia. Barabara ya kutoka Michenga kuja mjini ina bonde moja bovu sana. Mvua ikikolea, pale hapapiti gari wala pikipiki. Mwaka juzi mama mmoja alijifungulia kando ya lile tope, juu ya kitenge, wanawake wenzake wamemzunguka. Mama alipona, mtoto hakupona. Balbina alikuwa mmoja wa wale wanawake.

"Hii 'Nguvu moja' yetu Simba ni ya kuimbia tu?" aliwauliza wenzake. "Tukalijaze lile bonde kabla mvua haijatuwahi."

Wakakubaliana: Jumamosi, mawe na viroba vya mchanga. Ila bonde lile halikuwa la kujazwa na tawi peke yake. Walihitaji wenyeji wa Michenga, na zaidi ya hapo walihitaji mikokoteni ya ng'ombe ya Mzee Masalu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huko miaka mingi iliyopita. Na Masalu alikuwa Yanga wa kufa na kuzikana. Alipopelekewa ombi alijibu kwamba ng'ombe wake hawavuti mzigo wa Simba.

Ijumaa wakamtuma Fulgensi, dereva wa bajaji, aende na spika akawaalike watu wa Michenga. Ujumbe ulikuwa mfupi na wa adabu. Lakini Fulgensi akishika kipaza sauti hujiona mtangazaji wa redio.

"Kesho asubuhi Mnyama anaingia Michenga!" alikingurumia kijiji kizima. "Mnyama hana huruma! Tokeni wote na majembe, tukutane bondeni!"

Mtu yeyote nchini anajua Mnyama ndiyo Simba, timu. Michenga nao wanajua. Tatizo ni kwamba wiki ileile tembo walikuwa wamelala kwenye mpunga wao, wamekanyaga wasichokula, na mtu mwenye tembo kichwani hana nafasi ya kufikiria ligi. Halafu spika yenyewe ilikuwa inakoroma, neno moja linasikika, mawili yanamezwa na upepo.

Jumamosi lori la tawi lilifika bondeni likiwa limejaa nyekundu na nyimbo, na nyimbo zikakatika ghafla. Michenga nzima ilikuwa imetoka. Wamebeba majembe, mapanga, madebe ya kugonga, ngoma, makopo yenye pilipili inayofuka moshi. Mbwa wanabweka. Mbele ya wote alisimama Mzee Masalu na mkuki, ndani ya jezi ya kijani na njano, vijana wake nyuma yake.

"Shikamoo, Mzee Masalu," alisema Balbina akishuka.

"Marahaba. Mnyama yuko wapi?"

Balbina akatazama mkuki, akatazama kopo la pilipili, akamtazama Fulgensi ambaye ghafla alikuwa anakagua tairi.

"Mnyama ni sisi, mzee."

Kilichofuata hakiandikiki chote. Kina mama walifoka kwamba wameacha vyungu motoni. Mwingine alikuwa ameficha wanawe darini. Masalu alitingisha kichwa, akasema "Yaya, yaya," yaani hapana, hapana, akawageukia vijana wake na kuwaamuru warudi nyumbani. Watu wakaanza kutawanyika. Balbina aliona migongo, na katikati ya migongo ile akaiona ya Agnella, anatembea taratibu, mkono kiunoni. Akakwea mpaka juu ya kichwa cha lori.

"Haya, nendeni!" alipaza. "Leo jioni nitatangaza Ifakara nzima. Yanga wa Michenga walikesha wanamsubiri Mnyama! Wakatoka na mikuki, na mbwa, na pilipili! Na walipomwona, wakakimbia!"

Mtu mmoja akacheka. Masalu akasimama.

"Nani kakimbia?"

"Mimi naona migongo tu, mzee."

"Nani kakimbia, wewe mwanamke?" Lakini mdomo wake ulikuwa umeshaanza kumsaliti, tabasamu linapenya. Akachomeka mkuki ardhini, akamgeukia kijana wake mmoja. "Limbu! Kalete ng'ombe! Wote!"

Basi likawa pambano! Nyekundu wakaanzia upande wa Ifakara, kijani upande wa Michenga, atakayefika katikati kwanza ndiye mwanaume. Mikokoteni ilikuja mawe yanagongana, viroba vikapita mkono kwa mkono, ngoma zilizoletwa kufukuza tembo zikapigwa mpaka ngozi ikapata moto. Huku wanaimba, kule wanazomea. Balbina alikimbia juu ya mawe na kanga yake, anachochea, anatukana kwa utani, anabeba, furaha imemjaa mpaka machozi yanamtoka na hayafuti. Jua linaegemea magharibi, majembe ya pande mbili yakagongana. Kila upande ukashangilia ushindi, na mpaka leo ukiuliza nani alishinda utapata ugomvi.

Masika yakaja bila mzaha. Asubuhi moja simu ikaja kwamba Agnella ameshikwa na uchungu, Balbina akarukia bajaji ya Fulgensi, akamhimiza mpaka Michenga, wakampakia binti, wakageuza. Maji yalikuwa yametanda kulia na kushoto, lakini barabara ilikuwa juu ya maji. Sehemu ya kijani wakaipita vizuri kabisa. Walipoingia sehemu ya nyekundu, gurudumu la nyuma likatitia.

Masalu na vijana wake walikuwa wanachunga jirani. Waliacha ng'ombe wakaja mbio, wakaweka mabega. Huyu anasukuma, yule anavuta pumzi, bajaji inapanda kidogo na kurudi palepale. Ndani, Agnella akapiga ukelele ambao mama yake alishawahi kuusikia, kandokando ya bonde hilohilo.

"Nguvu moja!" Balbina aliita.

Vijana walisukuma, ila ule ulikuwa wito wa Simba. Midomo yao haikuzoea. Kila bega likaenda kwa wakati wake, na bajaji ikarudi.

Balbina akashika chuma cha bajaji. Akafumba macho.

"Daima mbele!"

"NYUMA MWIKO!" waliitikia wote kwa mpigo, na bajaji ikaruka.

"Daima mbele!"

"NYUMA MWIKO!"

Ikachomoka. Masalu, matope mpaka kifuani, aliweka mikono kichwani. "Mmemsikia? Jamani, mmemsikia?" Balbina alikuwa amesharukia ndani.

"Mama," Agnella alisema akimng'ang'ania mkono, "usinyamaze."

Hakunyamaza. Kutoka bondeni mpaka lango la hospitali, kanga nyekundu kiunoni, Balbina aliipaza ile kaulimbiu ya Yanga kila uchungu ulipopanda, na waliompita njiani walidhani amepagawa. Wakampokea binti, wakafunga mlango. Alikaa sakafuni nje, sauti imekauka kabisa, mpaka aliposikia kilio cha mtoto, kikali, cha hasira. Hapo naye akalia.