Mkuu Aliposema Ijumaa

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililikaa miaka miwili. Lakini chuo kikuu nimekaa miaka mingi kuliko madaktari wengi wa pale, na madaktari ninaowasema siyo wa sindano. Mimi ni mtu wa chai. Asubuhi naendesha baiskeli kutoka Ngokolo, nachemsha maji, saa nne napeleka chupa mbili kwenye chumba cha walimu na kikombe kimoja kwa Mkuu. Wote tulimwita Mkuu, ingawa mlangoni kwake paliandikwa Makamu. Yule wa juu yake tulimwona siku ya mahafali tu, amevaa joho, anapunga mkono.

Mwaka huo walimu walikuwa na wimbo mmoja. Nikiingia na chupa nawakuta nao, nikitoka nawaacha nao. Mkuu amebakiza muda gani?

"Miaka miwili," anasema mmoja.

"Miwili ya wapi, ameshaitwa Dodoma huyo."

"Haendi Dodoma, anaumwa figo."

"Wewe figo zake umeziona wapi?"

Wanacheka, halafu kila mtu anatazama chai yake. Watu waliosoma mpaka wakamaliza vitabu, na hakuna aliyekuwa na la kufanya. Kumwuliza mwenyewe hawawezi. Huku kwetu mkubwa haulizwi ataondoka lini, ni kama unamfukuza. Na pale chuoni ilizidi, maana mwenye kuuliza alionekana anakitaka kiti.

Wengi walikuwa na hofu ya kawaida tu, akija mwingine atakuja na watu wake. Mwenye shida ya kweli alikuwa mama mmoja wa Kishapu, anafundisha mambo ya udongo na pamba. Alikuwa kwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na huo ulikuwa wa sita. Kila ukifika Juni hajui kama watoto watasoma hapa mjini au atawarudisha kwa bibi yao. Mkuu alimwahidi kwa mdomo wake kwamba atamwombea ajira ya kudumu kwenye baraza la chuo. Faili lilikuwa tayari, limebaki saini ya Mkuu. Mkubwa wa idara yake akamshauri hivi: kama Mkuu bado yupo, usimkimbize, hapendi kukimbizwa, ngoja mitihani iishe. Kama anaondoka, ingia leo hii hata kwa dirisha.

Kwa hiyo maisha ya yule mama yakawa yanangoja jibu la swali ambalo hakuna wa kuliuliza.

Isipokuwa mimi. Mimi Msukuma, Mkuu Mgogo, na sisi ni watani toka enzi za mababu. Siku ya kwanza alipofika nilimvua kofia kichwani mbele ya walimu wote nikamwambia hapewi mpaka aninunulie soda. Walimu walidhani kazi yangu imeisha. Akanunua. Toka siku hiyo nikiingia na kikombe ananiambia, "Leta, wewe mla michembe," yaani vile viazi vikavu vya kwetu, nami namwambia, "Kunywa, mlenda kwenu umeisha ndiyo maana umehamia kwetu." Mtani anaruhusiwa kusema lolote. Hata msibani analala kaburini anazuia maiti isizikwe, na hakuna wa kumkasirikia.

Yule mama alinifuata jikoni. Alianza na shikamoo, nikaitikia. Akasema, "Mzee wangu, wewe ndiye peke yako unayeweza. Muulize tu kwa utani."

Nikasema haya.

Jumanne nikaingia. Nikaweka kikombe, nikamwambia, "Mgogo, utatuachia lini kiti chetu? Kimechoka kukubeba."

Hakuinua kichwa kwenye karatasi zake. "Ijumaa," akasema. "Ijumaa naondoka. Kaa wewe, uwafundishe kula michembe."

Nikacheka mpaka nikashika mlango. Nikapeleka jibu chumba cha walimu. Wakacheka pia, mmoja akaanza kuniita Mkuu, akaniuliza mshahara wake nitampandishia lini. Mama wa Kishapu naye akacheka. Akasema mtu anayetania hivyo hana safari, akafunga faili ndani ya kabati. Kesho yake alfajiri akaondoka kwenda Mhunze na wanafunzi wake, wiki nzima ya kupima udongo.

Niseme kidogo habari za Geita. Ujanani nilichimba dhahabu kule, kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Mwenye duara hakuagi anapotaka kuliacha. Lakini sisi wa chini tulijua: akiacha kununua matimba, zile nguzo za kuzuia udongo usituangukie, basi mawazo yake yameshaondoka. Tulikuwa tunaangalia matimba, hatuangalii mdomo.

Sasa Alhamisi naenda kuchukua kikombe cha Mkuu. Kilikuwa chake mwenyewe, cha bati la bluu, alikuja nacho kutoka kwao. Akaniambia, "Leo usikirudishe jikoni. Kioshe unipe." Nikakiosha. Akakifuta kwa leso yake akakitia kwenye mkoba.

Nikasimama pale na sinia. Niliona. Siwezi kusema sikuona. Na namba ya simu ya yule mama ninayo. Lakini nimpigie niseme nini? Arudi kutoka Mhunze kwa sababu kikombe kimeingia kwenye mkoba? Nikajiambia labda amechoka na chai yangu. Nikaenda nyumbani.

Ijumaa saa nne nilipeleka chai nikakuta mlango umefungwa. Saa sita tangazo likabandikwa ukutani, Mkuu ameondoka. Kwamba alistaafishwa, au aliomba mwenyewe, au ni hizo figo, mpaka leo sijui, na walimu hawajui, bado wanabishana.

Mama alirudi Jumatano, viatu vina vumbi jekundu. Alikuja jikoni moja kwa moja.

"Alikuambia Ijumaa?"

"Aliniambia."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, mama."

Akakaa kwenye ndoo niliyoifunika. Akasema, "Na mimi nilicheka." Nilitaka kumwambia habari ya kikombe. Sikumwambia, na hajui hata leo.

Wakubwa wamemwambia faili lianze upya, kila kilichoandikwa kwa jina la Mkuu wa zamani hakina kazi. Juni ndiyo hii inakuja. Juzi aliniuliza, kwa aibu, kama naweza kumdokeza huyu mpya, nijue tu atalipeleka kwenye baraza au hapana.

Huyu mpya ni Msukuma mwenzangu. Kwake sina utani wowote, sina ruhusa ya kuuliza kitu. Naingia na sinia, ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba. Naweka kikombe, cha chuo, na faili jipya la yule mama naliona pale mezani, la tatu kutoka chini. Natoka.