Rufaa ya Mtu Asiyeumwa

Baba yangu alirudi kutoka Vita vya Kagera na kipande cha bomu kwenye nyonga, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Kwetu Mdandu hiyo ni sifa kubwa. Ukiulizwa hali, unajibu sijambo hata kama homa inakutetemesha, maana anayelalamika ni mvivu, na kwetu mvivu ni mbaya kuliko mchawi. Mchawi angalau ana kazi anayofanya.

Uzeeni kipande kile kikaamka. Daktari aliitazama picha, akaniita pembeni, akaniambia nyonga imesagika na bila upasuaji mzee atamalizia maisha yake kitandani. Upasuaji wenyewe ulikuwa wa hospitali kubwa, huko mbali, nasi ni watu wa viazi na mahindi. Njia ilikuwa moja tu: bodi inayopima ulemavu wa wanajeshi wastaafu ikubali kwamba vita ndivyo vilivyomharibu, serikali imtibu.

Mara ya kwanza bodi ilikaa Njombe. Baba aliipiga pasi suti yake ya kanisani, akang'arisha viatu. Nilimsihi achukue fimbo, akasema fimbo ni ya kuchungia ng'ombe. Aliingia kwa mwendo wa gwaride, akapiga saluti. Akaulizwa, "Mzee, unaendeleaje?" Jibu lake nililisikia nikiwa nje kwenye ukungu: "Imara, afande!"

Wakaandika imara. Nani alisema serikali haisikilizi wananchi?

Tulipofika nyumbani nikamwambia mficha maradhi kifo kitamuumbua.

"Sijaficha," akasema. "Hawakuuliza nyonga inaendeleaje. Wameniuliza mimi."

Tukakata rufaa. Safari hii nilitaka shahidi, mtu anayemwona mzee kila siku, nikamchagua jirani yetu, mzee wa kanisa, mtu mkweli asiye na makuu. Ndiye anayeendesha mnada wa sikukuu ya mavuno, ule ambao tunagombea kununua viazi vilevile tulivyomtolea Mungu asubuhi. Nilimweleza kazi yake taratibu.

"Baba mdogo, wewe sema tu unavyomwona mzee."

"Hilo tu? Mwanangu, nitamtetea mpaka mwisho."

Nilienda kulala nimeridhika kabisa.

Rufaa ilisikilizwa Makambako, kwenye ukumbi wenye mabenchi mafupi ya chini na madirisha yanayopitisha upepo wote wa mji ule. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, ofisa wa jeshi, akivaa na kuvua miwani. Akamruhusu shahidi aseme. Jirani akasimama, akavua kofia, akakohoa kama anayefungua mnada.

"Waheshimiwa, huyu mzee msimwone hivi! Huyu ni mwanaume hasa. Sikukuu ya mavuno vijana wanaleta kuku, wengine mayai. Yeye analeta gunia la viazi, tena begani, kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, peke yake! Nani mwingine? Hakuna! Nani mwingine?"

Nilimvuta koti. Alidhani namhimiza, akaongeza na shamba la mahindi.

Kosa ni langu la kusahau tulivyo. Kwetu kumtolea mtu ushahidi ni kumsifu. Husimami mbele ya wakubwa ukasema mwenzako hawezi kitu. Huo ni umbea. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini baba yangu akisifiwa hunyooka mgongo, na siku hiyo alinyooka. Sijawahi kumwona na furaha vile, hata kwenye harusi yangu. Mwenyekiti akafunga faili, akasema asanteni, tutatoa uamuzi. Nilitaka kulia, nilitaka kumpiga mtu, sikujua nianze na lipi.

Watu wakaanza kutoka. Baba alibaki ameketi, akiwapisha kwa adabu: "Tangulieni, wakubwa. Tangulieni tu." Ndivyo anavyofanya hata kanisani. Hutoka wa mwisho, na wachungaji wote waliopita kwetu wameusifu unyenyekevu wake.

Ukumbi ulipobaki mtupu ndipo akashika ukingo wa benchi, akajisukuma. Hakuinuka. Akajaribu tena, jasho likamtoka kwenye baridi ile. Jirani alisimama akiikunjakunja kofia yake mkononi. Mimi nikauelewa ule unyenyekevu wa miaka yote.

Tulimshika makwapani, huyu huku, huyu kule, tukamwinua. Hapo mwenyekiti akarudi; alikuwa amesahau miwani mezani. Baba alikuwa ananing'inia kati yetu kama shati kwenye kamba, na bado akajaribu kupiga saluti.

"Mzee, ni kila siku hivi?" yule mama akauliza.

"Nimekaa vibaya tu, afande."

Akamtazama kidogo, halafu sauti yake ikabadilika.

"Koplo! Nimekuuliza swali."

Nilihisi mwili wa baba ukikakamaa mikononi mwangu. Kulalamika hakujui, lakini amri anaijua.

"Kila siku, afande. Tangu vitani."

"Na gunia?"

"Gunia nalibeba, afande. Halafu siku zinazofuata silali." Akamtupia jirani jicho, akashusha sauti. "Ila naomba wasisikie kanisani."

"Mimi sijasikia kitu," jirani akasema haraka, huku akifuta macho kwa kofia.

Rufaa ilikubaliwa, tukapangiwa upasuaji. Kabla siku yake haijafika, ikatangulia sikukuu ya mavuno. Gunia la baba lilibebwa na jirani, ambaye alihema njia nzima huku akiwatangazia watu kwamba ni la mzee, yeye kalishika tu. Ibada ilipoisha watu wakasimama, nami nikasubiri kusikia "Tangulieni."

Hakusema. Kanisa zima likiwa limesimama, likitazama, baba akaninyooshea mkono.

"Haya, mwanangu," akasema. "Niinue."