Mbegu za Verdiane na Simu Iliyomfuata Bondeni

Verdiane hakuwa mtu wa kuamini mlango uliofungwa. Mara tatu vita vilikuwa vimemkimbiza kutoka nyumba yake ya Nyabiondo, mashariki ya Kongo, na mara tatu alirudi akaikuta tupu, hata misumari ya ukutani imeng'olewa. Mara ya mwisho, alipotoka kambi ya wakimbizi ya Kashuga, alipanda maharagwe ya msaada. Yalitoa majani mazuri, yakakataa kupanda miti na kuzaa, na nyumba nzima ikala mihogo mitupu mpaka msimu uliofuata.

Tangu hapo alifanya kama familia nyingi za vilima vile zinavyofanya bila kusema. Mbegu zake, zile alizopewa na mama yake alipoolewa, alizichanganya na majivu, akazitia katika mabidoni manne ya njano, yale madumu ya mafuta, akayafukia mahali alipopajua peke yake. Hata Léonard, mume wake, aliyekuwa kibaruani Walikale, hakuambiwa. Mahali pa mbegu hapaulizwi huko. Anayeuliza huanza kutazamwa vingine.

Kila siku ya soko, vilima vilipobaki bila watu, Verdiane alishuka bondeni na jembe begani kama anayekwenda kupalilia. Alifukua, akatia mkono ndani ya majivu kupima unyevu, akafukia tena, akatandaza majani makavu ya migomba juu yake.

Simu aliletewa na mwanawe wa kwanza, Jean-Claude, fundi cherehani wa Goma.

"Mama, hii njo ya kugusa na kidole," alimwambia. "Fujo ikianza, mi nitaona ku yangu mahali muko. Sitarudilia kuwatafuta mu barabara ya Mweso wiki tatu."

Sababu hiyo Verdiane aliielewa. Akaifunga simu katika ncha ya kitenge, na kila alipokwenda, ilikwenda.

Nyabiondo kwake, rezo, yaani mtandao wa simu, ilipatikana mahali pamoja tu, kwenye mgongo wa kilima nyuma ya kanisa. Jumapili baada ya misa watu walipanda huko wakasimama wametawanyika, kila mmoja na sikio lake. Hapo ndipo Jean-Claude alipomuuliza kwenye simu, kwa sauti ya mtu asiye na neno:

"Mama, kule chini bondeni munaendaka kufanya nini kila siku ya soko? Mulipata shamba ingine?"

Verdiane aliikaza simu sikioni. "Nani alikuambia?"

"Hakuna muntu. Niliona mu telefone."

"Usinidanganye. Kule rezo haifikake."

Na huo kwake ulikuwa ushahidi kamili. Mara ngapi aliitazama ile simu bondeni, haina hata mstari mmoja, imekufa kama jiwe? Kitu kisichoweza kusema kitaonaje? Basi aliyeona alikuwa na macho ya mtu, na mtoto alikuwa anamficha. Verdiane aligeuka polepole. Hatua kumi kutoka pale alisimama Colette, jirani yake, ambaye shamba lake la mihogo lilitazama bonde lote. Colette alikuwa anamtazama. Alikuwa na namba ya Jean-Claude pia. Ni yeye aliyempokea alipozaliwa.

Verdiane hakungoja kufika nyumbani. Alimwendea Colette palepale.

"Mama Gentille, siku hizi macho yako inafika mbali."

"Macho gani, Mama Jean-Claude?"

"Ya kuangalia miguu ya wengine."

Colette alicheka, akaona mwenzake hacheki. "Kama umelala mubaya, rudia kulala," akasema. Akajitwisha kikapu chake akashuka. Kwa wiki mbili wanawake hao, waliokuwa wakiombana moto na chumvi, walipishana njiani kama wageni.

Katika wiki hizo Verdiane aliona mambo mengi. Majani ya migomba juu ya shimo yalikuwa yamehama, au aliyahamisha mwenyewe? Alama ya kandambili kwenye tope ilikuwa ya nani? Kupanda kulibaki mwezi mmoja. Akiibiwa sasa, angekula mihogo mitupu tena, na safari hii mbegu za mama yake zisingepatikana popote.

Noëlla ndiye aliyemfumbua macho. Alikuwa binti wa katekista, anasomea uuguzi Mweso, amekuja likizo. Verdiane alimpelekea simu kule kilimani, akisema tu kwamba inakula umeme sana. Noëlla aliisugua kidogo kwa kidole, akakunja uso.

"Mama Verdiane, lokalizasyo yenu, ile inaonyesha mahali muko, iko wazi saa yote. Na inachunga kila njia munapita."

"Hata kusiko na rezo?"

"Hata kule. Mahali muko inapajua kupitia satelite, kule juu mbinguni. Rezo inaitafuta tu kwa kutuma. Mukipanda ku kilima, inatoa yote ilichunga. Muone."

Akamgeuzia kioo. Verdiane hakujua kusoma ramani, lakini aliijua ile mistari kama anavyojua mishipa ya mkono wake: nyumba, kisima, kanisa, kisha uzi wa buluu unaoshuka bondeni na kuishia kwenye nukta. Chini ya nukta paliandikwa dakika thelathini na tano. Ndiyo, ndivyo anavyokaa.

"Nani anaona hii?"

"Mwenye neno ya siri ya konti yenu. Iko wazi ku telefone tatu. Hii yenu, ya Jean-Claude, na hii ingine ya Goma. Ku ile, konti ilifunguliwa jana."

Palepale walimpigia Jean-Claude, wakamuuliza simu ya tatu ni ya nani. "Itakuwa ya ule kijana wa butiki kwenye nilinunua telefone, Mama. Konti aliifungulia ku yake, njo akanipa."

"Jina yake?"

"Sikumuuliza."

"Ndugu zake bako wapi? Bako huku kwetu?"

"Mama, ni muntu wa simu tu. Ataangalia bonde yenu kwa kufanya nini?"

"Angekuwa hana cha kufanya nayo, hangefungua jana."

Noëlla alizifukuza simu zote mbili za Goma katika konti, akabadilisha neno la siri, akafuta njia zilizochungwa, akazima lokalizasyo. "Mukikimbia, munabonyeza hapa, itatuma mahali muko kwa Jean-Claude peke. Mama, imeisha."

"Mu simu imeisha," Verdiane akasema. "Na mu kichwa ya ule wa butiki?"

Mabidoni yalipaswa kuhama kabla ya siku ya soko. Kwa mtu mmoja, manne yalikuwa safari mbili, na shimo lililo wazi halina mlinzi. Alihitaji mtu wa pili. Alilala na jambo hilo usiku mmoja, na asubuhi akasimama mlangoni kwa Colette, jembe mkononi.

"Si macho yako iliniuza," akasema. "Ni telefone."

Colette aliendelea kumenya muhogo. "Wiki mbili."

"Najua."

"Chumvi nilikopa kwa ule jirani, bibi ya Sebarenzi. Unajua vile anasemaka bantu." Alitupa ganda. "Unataka nini?"

Verdiane alimwambia. Colette aliacha kisu. Hakuuliza ni wapi, na hilo Verdiane aliliona. Alichukua jembe lake tu, wakatoka. Simu ya kugusa ilibaki kwa Noëlla, aliyeshinda siku hiyo kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, ili anayeitazama aione huko.

Walipofika mahali njia inapoachana na mihogo, Verdiane alisimama.

"Telefone yako iko wapi?"

Colette alitoa ndani ya kitenge kisimu kidogo cha vitufe, kilichofungwa kwa mpira. "Hii ya tochi? Hii haijuake hata saa."

"Hata mi nilisema yangu haijue."

Colette alirudi nyuma hatua chache, akaweka kisimu chini ya mhogo wa kwanza wa shamba lake, akakifunika kwa jani, na wakashuka.