Ambrose Croke na Kura ya Kuingia Kanada

Pua ya Ambrose Croke iliogopwa katika Hori ya Mtakatifu Kieran, kijiji cha wavuvi kisiwani Newfoundland, kuliko mahubiri ya padri. Miaka thelathini na mmoja alisimama nyuma ya meza ndefu kwenye gati ya Bwana Silvester Halleran, tajiri mwenye duka na mnunuzi wa samaki, akichambua ng'onda. Wavuvi walimletea chewa waliowapasua, wakawatia chumvi na kuwaanika vichanjani kiangazi kizima. Yeye alimshika samaki mmoja mmoja, akamgeuza, akamnusa, kisha akamrusha kwenye fungu lake: la kwanza, la pili, la tatu, takataka. Neno lake ndilo lililoamua bei, na nyumba gani ingepitisha majira ya baridi kwa nyama, na ipi kwa viazi na chai isiyo na sukari.

Mwaka wa 1948, watu wa Newfoundland walipotakiwa kuchagua kujitawala kama zamani au kuingia Kanada, Ambrose hakuhitaji kupewa muda wa kufikiri.

"Hilo ni joka," aliwaambia wenzake. "Lilimeza Manitoba. Likameza British Columbia kwa ahadi ya reli. Kisiwa cha Prince Edward kikafilisika kwa madeni ya reli yake chenyewe, likakimeza nacho. Sasa limeuona mkia wetu."

Siku ya Jumapili Bwana Halleran alisimama kwenye ngazi za ukumbi wa parokia, kofia mkononi, machozi yakimlengalenga. "Babu zetu hawakuvuka bahari ili sisi tuuzwe kwa posho ya watoto!" Ambrose alipiga makofi hadi viganja vikawaka moto.

Aliyekuwa hapigi makofi ni binti yake, Philomena, mama wa watoto watano, ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi mbali katika kambi ya jeshi la Wamarekani. Walipofika nyumbani hakungoja hata baba yake avue koti.

"Hiyo serikali yetu mnayoililia, baba, ndiyo iliyomzika mama."

"Funga mdomo wako."

"Sifungi. Ilipofilisika, wakubwa wa mji mkuu, St. John's, waliwarudishia Waingereza nchi kama mtu anayerudisha sufuria iliyotoboka. Mama akavimba miguu kwa kula unga mweupe na chai, unga na chai, mpaka akaondoka. Kanada watatoa posho kwa kila mtoto, na itatiwa mkononi mwa mama. Si mkononi mwa Halleran."

"Utauza nchi kwa viatu vya watoto?"

"Mimi na nchi isiyoweza kuwavisha viatu, baba, nani kamuuza mwenzake?"

Ambrose alitoka akatema mate uani. Kwa wiki mbili hawakusemezana.

Kura ilipigwa Julai. Hesabu ilipotoka, katika sanduku la hori ile Kanada ilikuwa na kura nne tu. Lakini redio ikatangaza kwamba nchi nzima Kanada imeshinda, kwa tofauti nyembamba kama uzi. Watu walikaa vibarazani kama waliofiwa. Philomena hakuficha kwamba kura moja kati ya nne ilikuwa yake. Alilisema hilo vichanjani, mbele ya wanawake wote.

Jumatatu asubuhi Ambrose alikuwa akienda gatini aliposikia harufu kabla hajaona kitu. Ilikuwa ya maini ya samaki, yale yanayoachwa pipani juani mpaka yaive, yatoe mafuta. Mlango wa Philomena ulikuwa umepakwa maini hayo kuanzia juu hadi kizingitini. Yalikuwa yakiteremka taratibu, ya kijivu, na nzi wameyajaa. Ndani watoto walikuwa wakikohoa.

"Phil, mpenzi!" mwanamke mmoja alipiga kelele kutoka kichanjani. "Kanada wamekuletea manukato!"

Wengine wakaangua kicheko. Hawa ndio watu waliokuwa upande wa Ambrose, waliopiga kura kama yeye, naye, aliyezaliwa ndani ya harufu ya samaki, aliinama kando ya uzio akatapika.

Alipoinua kichwa aliliona pipa. Lilikuwa na chapa ya duka la Halleran. Karani wa duka, Din Cahill, alikuwa akipita na toroli, akageuza uso.

"Din. Nani kakupa pipa hili?"

"Aa, mzee Ambrose, usikasirike. Tajiri kasema tuchukue lile la nyuma. Utani tu."

Ambrose alikwenda moja kwa moja dukani. Alimkuta Bwana Halleran akicheka na mgeni mwenye tai, na kaunta imejaa vitabu vya picha za unga, majiko na mabuti ya Montreal. Mgeni alikuwa wakala wa makampuni ya Kanada. Halleran alikuwa akiomba awe wa kwanza pwani ile kuuza bidhaa za Kanada.

"Juzijuzi ulilia," Ambrose alimwambia.

"Nililia kweli, mzee wangu. Lakini biashara ni biashara." Halleran hakuona hata haya. "Kuhusu mlango wa bintiyo, watu wana uchungu. Waache wautoe."

Ambrose alimtazama uso ule laini, na kinyaa kikamgeukia yeye mwenyewe. Alikuwa akimjua. Soko likiwa baya, Halleran alikuwa akija kusimama nyuma ya meza na kukohoa kidogo, na mkono wa Ambrose ulikuwa ukirusha samaki wa fungu la kwanza kwenye la pili. Hata mwaka ule mkewe alipovimba miguu, Halleran alikohoa, na mkono ukatii.

Siku ile hakwenda kazini. Alichemsha maji, akachukua majivu na brashi ya kusugulia mashua, akausugua mlango mpaka jioni. Philomena alimletea chai, akaipokea.

Uchambuzi wa samaki wa kiangazi kile ulianza Septemba. Wa kwanza kuleta samaki wake alikuwa Mogue Sutton, mzee mwenye mgongo uliopinda kwa makasia.

"La kwanza," alisema Ambrose. "La kwanza. La kwanza."

Nyuma yake Halleran alikohoa.

"La kwanza."

Akakohoa tena, kwa nguvu.

"Umepata mafua, Bwana Halleran? Nenda kalale. La kwanza!"

Wavuvi walicheka mpaka gati ikatikisika. Kabla ya saa sita Ambrose alikuwa hana kazi. Alipokuwa akivua aproni, Mogue alimsogelea, hacheki.

"Kwa hiyo ulikuwa ukijua. Miaka yote ile."

"Nilikuwa nikijua."

Mogue alitema mate karibu na mguu wake, akaenda zake. Ambrose aliona ni haki.

Siku ya kwanza ya Aprili, 1949, nchi iliamka ikiwa Kanada. Duka la Halleran lilitundikwa kitambaa cheusi cha msiba mlangoni. Chini ya kitambaa palikuwa na tangazo jipya: hundi za posho ya watoto zinapokelewa hapa.

Mwezi wa Mei Ambrose alitimiza miaka sabini, umri wa kupata pensheni ya wazee kwa sheria mpya. Alikataa, akakataa, mpaka Philomena akaweka fomu mezani na kalamu juu yake.

"Wanauliza uraia, baba. Niandike nini?"

"Andika wanachotaka. Mwandiko ni wako, si wangu."

"Lakini sahihi ni yako."

Aliitia, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma miaka miwili tu. Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, akiipokea ile pensheni kila mwezi bila kumshukuru mtu. Mogue Sutton hakumsalimia tena. Na aliyemwita Mkanada mbele ya watu aliambiwa aende akamwite hivyo Halleran, maana huyo ndiye aliyetangulia kuwa Mkanada.