Makubadhi Niliyoyaficha

Mjukuu wangu hufundisha wagonjwa mazoezi hospitalini, nami hujigamba kwa hilo hata kwa asiyeuliza. Babu yake, mume wangu, alipoambiwa moyo wake hausukumi damu sawasawa, mjukuu alikuja hapa kwetu Chaani, akamsimamisha mlangoni.

"Babu, kila asubuhi nenda msikitini urudi. Polepole. Maadamu waweza kuzungumza, endelea. Pumzi ikikukata maneno, simama upumzike."

"Na nikiweza kuimba?"

"Basi watembea kivivu, babu. Ongeza mwendo."

Wakacheka. Akaanza. Wiki ya tatu alikuwa afika msikitini bila kusimama, na akirudi hunibebea mahamri, amefurahi kama aliyetoka kuposa.

Jirani akamwona. "Wee mama! Mume mgonjwa hivyo wamtuma mahamri? Kwani wewe miguu huna?"

Kwetu mgonjwa hulala, watu waje kumtazama, na mke asifiwe kwa weupe wa shuka zake. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Makubadhi ya mume wangu, viatu vyake vya ngozi vya kwendea msikitini, nikayatia sandukuni, chini ya kanga zangu.

Asubuhi akayatafuta mvunguni na nyuma ya mlango.

"Makubadhi yangu hukuyaona?"

"Lala, mume wangu. Uji waja."

Akanitazama usoni, akarudi kitandani. Hakuuliza tena. Wageni wakaja, na wallahi nilisifiwa. "Mke ni huyu!" Mimi nikivimba kichwa, yeye akivimba miguu.

Baada ya miezi miwili mjukuu alipokuja tena, babu yake hakuweza kwenda chooni bila kushika ukuta.

"Babu, mbona uliacha?"

"Uvivu tu, mjukuu wangu."

Nilikuwa hapo hapo na kikombe cha uji. Hata hakunitupia jicho.

Siku ile ile niliyatoa makubadhi. Miguu haikuingia. Tukaanza upya na ndara za mpira, kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi kitandani, mimi nikimshika mkono. Mlango hatukuuvuka. Msikitini alifika tena akiwa jenezani, amebebwa mabegani mwa watu.

Sasa nami huenda hospitalini kupimwa presha, na nimemsikia mjukuu wangu kwa masikio yangu akiwaambia wagonjwa, "Msiwe wavivu kama babu yangu." Hukaa kwenye benchi nikatazama sakafu.

Mjukuu wangu, babu yako hakuwa mvivu. Alikuwa hana viatu.