Magogo ya Mama

Juzi nilimwona fundi akisafisha meko ya gesi ya kuotea moto sebuleni kwa jirani, wivu wa utotoni ukanipanda upya. Nyumba yetu ya Downsview, ughaibuni kwenye baridi, ilikuwa na meko kuukuu kama hiyo. Mchana mmoja Mama alizima gesi, akatoa magogo ya bandia, yale ya udongo yanayowekwa ndani ili moto uonekane wa kuni, akayapangusa kwa brashi yake ya poda, polepole, sebule ikanukia masizi na waridi. Mimi alikuwa akinisugua kwa dodoki mpaka mifupa inaonekana! Sikujua magogo yale humomonyoka upesi. Nilidhani anayapenda kuliko mimi. Nikajipaka masizi, nikalala katikati ya magogo.

"Mama, na mimi gogo. Nipanguse."

"Gogo gani lina meno, wewe?"

Akacheka, akanipitishia brashi puani. Pua hiyo sikuiosha mwezi mzima.